Yadi ya Makaa Kando ya Mikoko: Uchambuzi wa Kisa cha Pwani ya Mtwara

Kisa hiki, cha yadi ya makaa ya mawe na mikoko iliyokufa kando yake, kimeandikwa kwa ajili ya maofisa mazingira wa halmashauri, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji na wanafunzi wa misitu. Majina ya kijiji, ya mwenye yadi na ya ofisi zilizohusika yameondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa ili hori lenyewe, yaani ghuba ndogo ya bahari iliyoota mikoko, lisitambulike. Mfuatano wa matukio umebaki kama ulivyokuwa. Mwandishi alikuwemo katika timu ya wataalamu iliyoitwa baada ya miti kuanza kufa.

Usuli: makaa yamefikaje pwani

Mtwara haina mgodi wa makaa ya mawe. Makaa huchimbwa Ruvuma, hasa Ngaka wilayani Mbinga, kisha hupandishwa malori kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, safari ya mamia ya kilomita hadi bandarini. Kwa miaka mingi bandari hiyo ilisifika kwa korosho. Mwishoni mwa 2021 meli za makaa zikaanza kufunga gati, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowasukuma wanunuzi wa Ulaya kutafuta makaa nje ya Urusi, misururu ya malori ya semi ikawa jambo la kila siku. Meli hubeba maelfu ya tani, lori hubeba makumi tu. Lazima mzigo ukusanywe mahali kabla ya meli kufika. Yadi zilizaliwa kwa sababu hiyo.

Kwa mimea, makaa yana madhara ya aina mbili tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kulikoanzisha matatizo ya kisa hiki. Yanakochimbwa, shimo la wazi huondoa misitu ya miombo pamoja na udongo wake wa juu. Mti wa miombo ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki na mizizi, tena mizizi hiyo huishi kwa ushirika na kuvu wanaousaidia mti kupata fosforasi. Kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kikikwangua udongo, kisiki, mzizi na kuvu vyote vimekwenda. Juu ya hapo, makaa na miamba inayoyazunguka huwa na piraiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi ya salfa. Maji yenye asidi hiyo huyeyusha alumini na manganizi kutoka kwenye udongo, na mizizi ya mimea haivipendi.

Huku pwani hakuna shimo. Kuna lundo, kuna vumbi, kuna maji meusi yanayotiririka mvua ikinyesha. Na kuna kifusi, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa sehemu ya biashara ya makaa.

Msitu wenyewe

Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi tangu enzi za Mwingereza. Ilitangazwa kati ya 1928 na 1932. Ukataji wake ulipigwa marufuku mwaka 1987, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa usimamizi ulioandaliwa na mwanasayansi Adelaida Semesi. Leo msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kwa hiyo mchu, mmoja wa miti ya mikoko, uliosimama kwenye tope nyuma ya soko la samaki uko ndani ya msitu wa hifadhi, kama mvule wa msitu wa Rondo kule Lindi, ingawa watu wengi, wakiwemo wenye yadi, huona tu vichaka vya pwani.

Sheria mbili zinagusa kisa hiki moja kwa moja. Sheria ya Misitu ya 2002, kifungu cha 18, inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuendesha mradi, uchimbaji madini ukiwemo, ndani ya msitu wa hifadhi au eneo nyeti la msitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 kuanzia wapi? Swali hilo lilikuja kula vikao vingi.

Msitu wa hori hili ulikuwa wa kawaida kwa kusini: mililana mbele kabisa inakopigwa na mawimbi, mikoko halisi na misinzi kandokando ya mikondo, kisha mikandaa na michu kuelekea nchi kavu, na vikandaa vichache ukingoni. Wanawake wa kijiji huokota chaza kwenye mizizi, vijana hutega kaa, na kikundi kimoja kilikuwa kimetundika mizinga ya nyuki kwenye michu iliyo juu.

Mizizi ya mchu haishiki tope tu. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo mchu hutoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya ardhi, vyenye matundu madogo ya kupumulia. Maji yakijaa vinafunikwa, yakipwa vinavuta hewa. Vikifunikwa moja kwa moja, kwa maji yaliyotuama au kwa tope jipya, mti hukosa pumzi kuanzia chini, na majani huwa ya mwisho kutoa habari.

Yaliyotokea

Yadi ilijengwa upande wa kusini-mashariki wa hori, kwenye shamba la zamani la minazi, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, kabla mvua hazijakolea. Eneo lililoidhinishwa lilikuwa la kutosha kwa lundo lakini dogo kwa malori. Semi yenye tela haigeuki pachanga. Mkandarasi akamwaga kifusi upande wa magharibi kutengeneza geuzio, na kifusi kile kikakatiza mkono mmoja wa mkondo uliokuwa ukipeleka maji ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, kwenye ukanda wa michu na mikandaa. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba, mkavu siku nyingi za mwezi. Kwa mtu asiyejua mikoko, ni mfereji usio na kazi.

Wakaguzi walifika katikati ya masika. Mvua ilikuwa imeosha kila jani, lundo lilikuwa limelowa, vumbi halikuwepo. Upimaji wa mita 60 ulifanywa kwa utepe kutoka pale maji ya mkondo mkubwa yalipoonekana siku ile, na siku ile yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo tu. Ripoti ikasema yadi imetimiza masharti, ila iongeze maturubai.

Mei kusi likaanza. Kusi hutoka kusini-mashariki, na miezi yake ndiyo miezi mikavu ya Mtwara. Vumbi likavuka hori na kutua kwenye misitu ya ng'ambo ya kaskazini-magharibi hadi majani yakawa ya rangi ya lami, na nguo zilizoanikwa kijijini zikaharibika. Malalamiko ya kwanza yaliyoandikwa kwenye faili la kijiji yanahusu mashuka.

Mwanzoni wakulima hawakuhofia sana majani. Mtwara watu wamezoea mti uliopakwa unga: kila mwaka, korosho zikichanua, mashine za mgongoni hupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na mkorosho haudhuriki. Mzee mmoja alisema waziwazi kwenye mkutano kwamba unga juu ya jani ni dawa au ni uchafu, mvua itaamua. Hoja yake haikuwa mbaya. Iliishia tu kwenye jani.

Kufikia Agosti, sehemu ya michu ikaanza kupukutisha. Hasira ikapanda, na kwa kuwa makaa ni meusi na yako juu ya majani, kila mtu akajua sababu. Mkutano wa kijiji ukadai yadi ifungwe. Vibarua wa yadi, wengi wao vijana wa kijiji hichohicho, na mama lishe wanaowauzia chakula, wakasimama upande wa pili. Mwenyekiti alifunga mkutano bila azimio.

Katika mkutano ule bibi mmoja muokota chaza alisema jambo ambalo mtendaji wa kijiji aliliandika chini ya "mengineyo". Alimwambia ofisa aliyetoka wilayani: "Mwanangu, mimi vumbi nimeliona. Lakini kule nyuma ya barabara ya malori maji hayaji tena. Bamvua mbili zimepita, chaza zimefia kwenye mizizi." Ofisa alimjibu kwa heshima, "Tumekusikia, bibi," na kikao kikaendelea na vumbi.

Hatua zilizofuata zote zilikuwa za vumbi. Yadi ilileta boza la kumwagia lundo maji, ikafunika malori kwa maturubai, ikainua wavu upande wa hori. Vumbi likapungua kwa kiasi kilichoonekana kwa macho. Michu ikaendelea kufa.

Mvua zilipoanza, maji ya boza na ya mvua yalishuka pamoja kutoka kwenye lundo, yakakutana na kifusi, yakatuama. Ukanda wa nyuma ukawa bwawa la maji meusi. Makaa membamba yakazama na kufunika vijiti vya kupumulia. Mvua zilipokatika, bwawa likakauka na kuacha ganda jeupe la chumvi juu ya tope jeusi.

Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, yadi ilifadhili upandaji wa miche kwenye ukanda ule. Kulikuwa na fulana, kipaza sauti na wageni. Miche yote ilikuwa ya mkoko halisi, ile mbegu ndefu inayochomekwa kwenye tope, kwa sababu ndiyo rahisi kukusanya na hupendeza kwenye picha. Iliwekwa mahali pa mchu na mkandaa, kwenye udongo mkavu usiofikiwa na maji, mwanzoni mwa miezi mikavu. Haikumaliza msimu.

Muda si mrefu lundo likaanza kutoa moshi bila mtu kuliwasha. Makaa yaliyorundikwa muda mrefu bila kushindiliwa hujipasha moto yenyewe yanapokutana na oksijeni. Kijiko kikalichimbua, likatawanywa na kupozwa. Msitu haukuungua. Lakini tukio hilo ndilo lililowafanya wakubwa waite timu ya wataalamu; miti iliyokufa peke yake haikuwa imetosha.

Timu ilivyofanya kazi

Timu ilikuwa na mtaalamu wa udongo, mwandishi kama mtu wa mimea, ofisa misitu, na wanakijiji wawili walioteuliwa na kamati, mmoja wao yule bibi. Kumwingiza bibi kulipingwa na mjumbe mmoja kwa hoja kwamba hana taaluma. Kamati ya kijiji ilisimama kidete, na ikawa sawa.

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kuangalia mahali palipokufa tu. Tuliweka vituo katika mistari mitatu: mmoja ng'ambo ya hori, moja kwa moja kwenye njia ya kusi, wa pili kwenye ukanda ulio nyuma ya kifusi, wa tatu kwenye hori jirani lisilo na yadi, lenye aina zilezile za miti. Kila kituo tulichuma idadi sawa ya majani ya mchu, tukayaosha kwa maji safi, tukachuja na kulinganisha kilichobaki kwenye karatasi. Tulichimba vishimo, tukasubiri maji yajichuje kutoka kwenye tope, tukapima chumvi kwa refraktomita. Bahari ya kawaida ina chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu ya kulinganishia.

Matokeo yalipingana na mawazo ya wote, pamoja na mwenye yadi aliyekuja akiwa tayari kujitetea kuhusu vumbi. Majani machafu kuliko yote yalikuwa ng'ambo, na michu ya ng'ambo ilikuwa hai. Ilikuwa imechoka, yenye matawi machache mapya kuliko ya hori jirani, lakini ilikuwa na maua na nyuki. Michu iliyokufa nyuma ya kifusi, kwa yale majani machache yaliyobaki, ilikuwa na vumbi kidogo, maana ukanda ule uko pembeni mwa njia ya kusi. Kwenye vishimo vya ukanda ule maji yalikuwa na chumvi kupita bahari mbali sana. Tope lilipokaushwa na kupimwa lilikuwa na asidi. Vijiti vya kupumulia vilikuwa vimezikwa.

Asidi ile ilizua ubishi wa mwisho. Mjumbe mmoja alisema bila shaka imetoka kwenye makaa. Inawezekana sehemu yake ilitoka huko. Lakini tope la mikoko lina piraiti yake lenyewe, iliyotengenezwa kwa karne nyingi na bakteria wanaotumia salfeti iliyo katika maji ya bahari. Likikaa chini ya maji halina neno. Ukilizuilia bahari likakauka, hewa huingia na piraiti ile hugeuka asidi, kemia ileile ya kwenye lundo la makaa. Kuziba mkondo kulitosha kuzalisha asidi bila punje ya makaa kuhusika.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo maofisa wengi hukosea. Tope la mikoko ni jeusi kwa asili, kwa sababu ya salfaidi ya chuma. Weusi wake si ushahidi wa makaa. Chukua tope, litandaze juu ya bati jeupe kivulini kwa saa kadhaa: weusi wa asili hufifia kuelekea kijivu au kahawia unapokutana na hewa, weusi wa makaa hubaki, na kwa kioo cha kukuzia utaona chembe zenye kona zinazong'aa. Katika faili la kisa hiki kulikuwa na picha kadhaa za "uchafuzi wa makaa" zilizopigwa kwenye tope safi kabisa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuhusu kifusi. Yadi ilipendekeza makalavati mawili chini ya geuzio. Ni rahisi, malori yanaendelea kupita, na kwenye karatasi maji yanapita. Timu ilikataa. Bomba jembamba hulazimisha maji kuingia kwa kasi na kutoka polepole, huziba kwa makaa membamba, na mbegu za mchu, ambazo huelea na kuletwa na maji, hazipiti vizuri. Tukaomba kifusi kiondolewe chote kwenye mkono wa mkondo, na geuzio lihamie nchi kavu.

Kwa nini yadi ilikubali? Sitaki msomaji aamini kwamba ripoti yetu iliwashawishi kwa ubora wake. Mwaka 2023 bei ya makaa duniani ilikuwa imeshuka sana kutoka kilele cha 2022, malori yakapungua, na nafasi ya kugeuzia ikapatikana ndani ya yadi. Ombi lilelile mwaka mmoja nyuma lingekwenda mahakamani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutodai yadi ifungwe. Wajumbe wa kijiji waligawanyika hapa. Hoja iliyoshinda ni kwamba kuifunga kungeacha kifusi palepale, na mwenye yadi akishaondoka hakuna wa kukiondoa. Walioshindwa walisema, kwa haki, kwamba vumbi lingeendelea kutua ng'ambo. Sharti likawekwa: lundo liwe chini kuliko awali, lishindiliwe, lizungushiwe mtaro unaopeleka maji kwenye bwawa la kutulizia kabla ya kutoka, na katika miezi ya kusi upakiaji usimame upepo unapokuwa mkali.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutopanda chochote kwanza. Ulikuwa mgumu kuuelezea kuliko yote. Mfadhili anataka miche, mkuu anataka miche, na mwanafunzi ameshajifunza kuwa kurejesha msitu ni kupanda. Lakini michu na mikandaa huzaa mbegu nyingi, na mahali maji yanapofika vizuri mbegu hujipanda. Mahali yasipofika, hata mche wa kitalu hufa. Tulikubaliana kufungua maji, kusubiri msimu wa mbegu, kisha kuona ni wapi pana pengo.

Kukwangua makaa yaliyozama kulifanywa kwa majembe, makarai na mikono. Kijiko kingelishindilia tope na kuvunja mizizi iliyo hai. Kazi ilikuwa ya polepole, na vibarua walewale wa yadi ndio waliolipwa kuifanya, jambo lililotuliza siasa za kijiji kuliko hotuba zote.

Matokeo

Mkono wa zamani wa mkondo haukuwa kwenye ramani yoyote ya mradi. Bibi na wavuvi wawili walionyesha ulipopita, na picha ya setilaiti ya miaka ya nyuma ikathibitisha, isipokuwa kona moja ambayo wao walikuwa sahihi na sisi tuliokuwa tunasoma picha tulikosea kidogo. Kifusi kiliondolewa katika siku za maji mafu. Bamvua iliyofuata iliingia hadi ukingoni mwa minazi.

Chumvi kwenye vishimo ilishuka ndani ya miezi, kwani bahari yenyewe iliosha. Asidi ilichukua muda mrefu zaidi. Msimu wa mbegu ulipopita, miche ya mchu ilijitokeza kando ya mkondo, mingi ikiwa imesongamana, na mikandaa michache nyuma yake. Katikati ya ukanda, palipokuwa na bwawa jeusi, bado ni wazi. Tope pale limeshuka, kwa sababu mizizi iliyokufa huoza na ardhi hubonyea, na sasa maji yanakaa muda mrefu kuliko mchu unavyotaka. Kuna uwezekano paote aina nyingine. Michu mikubwa iliyokufa haitarudi; imebaki magogo, na ukataji wake wa kuni umezua kesi ndogondogo ambazo hazihusiani na makaa.

Ng'ambo ya hori, michu iko hai na vumbi liko pale, pungufu. Wenye mizinga wanasema asali ipo. Chaza zimeanza kushika tena kwenye mizizi ya kando ya mkondo uliofunguliwa, ingawa wanawake bado hawazili kutoka upande wa yadi, na hakuna aliyewapimia kama wana sababu.

Uchambuzi

Vumbi lilishtakiwa kwa kosa ambalo halikulitenda, lakini halina usafi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Naidoo na Chirkoot katika bandari ya makaa ya Richards Bay, Afrika Kusini, ulionyesha kuwa vumbi la makaa kwenye majani ya mchu, aina ileile *Avicennia marina* tuliyo nayo, lilipunguza ubadilishanaji wa kaboni dioksidi kwa asilimia 17 hadi 39. Upande wa chini wa jani uliathirika zaidi kwa jumla, kwa kuwa una vinyweleo vinavyolishika vumbi. Hilo linaeleza uchovu wa michu ya ng'ambo, na linaonya kuhusu ukaguzi: ukipitisha kidole juu ya jani la mchu, umeangalia upande usiobeba tatizo kubwa. Geuza jani.

Kosa la upimaji lililogharimu zaidi lilikuwa la msimu. Ukaguzi wa vumbi ukifanywa masika, utapima mvua. Ukaguzi wa maji ukifanywa siku ya maji mafu, utapima mkondo uliolala. Wakaguzi wale walifanya yote mawili katika ziara moja, bila nia mbaya. Ratiba ya gari la ofisi ndiyo iliyoamua. Kwenye pwani yetu kalenda ya ukaguzi inapaswa kufuata kusi na bamvua, vitu ambavyo mvuvi yeyote anaweza kuvitabiri bila kompyuta.

Jambo la pili ni jinsi suluhisho la tatizo moja lilivyolisha lingine. Maji ya boza yalishusha vumbi kutoka hewani na kulipeleka ardhini, na kwa kuwa njia ya maji ilikuwa imezibwa, yalikwenda kuzika mizizi. Kila hatua ya kupunguza vumbi iliyotumia maji iliharakisha vifo nyuma ya kifusi. Mtu akisoma taarifa za yadi za miezi ile ataona lita za maji zikiripotiwa kama mafanikio. Hakuna safu ya jedwali inayouliza maji hayo yalielekea wapi.

Upande wa mazuri, hori la kulinganishia lilifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote. Bila hilo tungeona michu iliyochoka ng'ambo na kusema ndiyo hali yake, au tungeona majani meusi na kusema ndiyo sababu. Kulichagua kulihitaji siku za kutembea na watu wanaojua mahori, na bajeti nyingi za tathmini haziwalipi watu hao.

Kuhusu ushahidi wa bibi, sioni kwamba ofisa alimdharau. Alimsikiliza, akamjibu, na maneno yaliandikwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kwenda kuangalia. Fomu ya malalamiko ilikuwa na nafasi ya vumbi, kelele, harufu na ajali. Maji kutofika haikuwemo, na kisichokuwa kwenye fomu kikaenda kwenye "mengineyo". Kamati ya kijiji imebadilisha fomu yake tangu hapo na kuongeza mstari kuhusu maji ya bahari: yanafika wapi, na yaliacha kufika lini. Yadi nayo imeombwa kutumia fomu hiyohiyo.

Mita 60 hazijatulia. Yadi inapima kutoka kwenye maji yanayoonekana. Kijiji kinapima kutoka mahali bamvua kubwa inapofika, na kwenye mikoko tofauti ya vipimo hivyo viwili inaweza kuwa upana wa msitu mzima. Ofisa misitu aliamua kutumia mstari wa juu kabisa unaoota mikandaa na michu, kwa hoja kwamba mti hauoti mahali ambapo bahari haifiki. Mipaka hiyo imewekewa vigingi vya zege, vilivyotembelewa wakati wa bamvua kubwa ya Machi mbele ya wazee, yadi na halmashauri, na muhtasari ukasainiwa. Mstari huo unabana yadi hii tu. Yadi inayofuata, ikiombwa upande wa pili wa hori, itaanza na utepe wake yenyewe, isipokuwa mstari huo uingizwe kwenye masharti ya cheti cha mazingira. Kijiji kimeandika barua ya kuomba hivyo na kuambatanisha nakala ya muhtasari.